Shamba na Nyumba: Mama wa mwisho wa mfereji



Mvua zimetuaga. Asubuhi jua linatokea upande wa Idjwi bila wingu hata moja, na vumbi la barabara ya Bukavu na Goma limeanza kuingia mpaka ndani ya sufuria. Kiangazi kimefika. Wengi wetu tumekwisha kuvuna maharagi ya saizoni B, na sasa macho yote yako bondeni, kwenye mboga za saizoni C: mashu, vitunguu, tomati, karoti na lengalenga. Mboga hizo ndizo zinazonunua madaftari ya Septemba. Ndizo pia zinazotuwezesha kuweka kitu kwenye likelemba wakati mashamba ya mlimani yamelala.

Juma hili tuongee juu ya maji. Hatuongei juu ya kuyatafuta, maana mto tunao na ziwa liko mbele ya macho yetu. Tunaongea juu ya kuyapangia siku, saa na kipimo. Na tutaanza na habari ambayo haitupi sifa.

Kikapu katikati ya mkutano

Kiangazi kilichopita tulilima bondeni wamama 14, kila mmoja na vitanda vyake sita vya mboga, wote kwenye mfereji mmoja. Mpango hatukuwa nao. Aliyewahi ndiye aliyefungua maji. Wenye vitanda vya juu, karibu na mto, walifika mapema, wakaziba mfereji kwa udongo na majani ya mgomba, wakanyeshea kila siku mpaka jua la kichwani. Wa katikati waligombana. Wa chini walipata matope.

Mama mwenye vitanda vya mwisho kabisa hakuwa mtu wa kelele. Ni mjane, ana watoto watano, na alikuwa amepanda vitunguu. Siku ya mkutano wetu alikuja na kikapu, akakiweka katikati yetu, akaketi. Ndani mlikuwa na vitunguu vyake vyote vya kitanda kizima. Kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kilitoshana na gololi ya mtoto. Hakusema neno. Tuliokuwa tukinyeshea kila siku tulitazama chini.

Agronomu aliyekuwa ametutembelea siku hiyo hakutugombeza. Alitupeleka kwenye vitanda vya juu, akang'oa shu moja. Mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawia, imeanza kuoza, na majani ya chini yalikuwa ya njano. Akatuuliza: huyu anaumwa kiu? Tukasema hapana. Akatushukisha mpaka mwisho wa mfereji, akachimba kwa kidole kwenye vitunguu vya yule mama. Udongo ulikuwa unga mtupu.

Hapo ndipo tulipoelewa. Mfereji ulikuwa na maji ya kututosha sisi wote 14. Juu yaliozesha, chini yalikosekana. Mama wa juu na mama wa chini wote wawili walipoteza mavuno, na sababu ilikuwa moja.

Mmea haunywi kwa mazoea

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kunyeshea kila siku ndiko kupenda shamba. Maji kidogo ya kila siku hulowesha ngozi ya udongo tu, kisha jua linayanyakua. Mizizi nayo inajifunza kukaa juu juu, na siku ukikosa kufika, mmea unalegea. Ukinyeshea kwa kushiba, halafu ukangoja siku mbili au tatu, maji yanashuka na mizizi inayafuata chini. Mmea wa namna hiyo unavumilia.

Ni kiasi gani basi? Kwa kiangazi cha kwetu, kitanda chenye mboga zilizokwisha kutanda majani kinatumia kama lita 4 kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Kitanda chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 kinahitaji basi lita 40 kwa siku, yaani bidoni mbili za lita 20. Ukinyeshea mara moja kwa siku tatu, ni bidoni sita kwa kitanda. Mboga zikiwa bado ndogo, kipimo kinapungua. Kwenye kitalu, ambako mizizi ni mifupi kama ukucha, hapo ndipo panapofaa maji kidogo kila siku, kwa arozwari yenye matundu madogo.

Udongo nao una neno lake. Mchanga wa karibu na ziwa haushiki maji: nyeshea kila siku ya pili, kidogo kidogo. Udongo mweusi na mzito wa bondeni unayashika: unaweza kungoja siku tatu, hata nne. Usitegemee macho. Asubuhi, kabla ya kufungua mfereji, chimba karibu na mmea mpaka urefu wa kidole cha kati, chukua udongo wa pale chini, ukamue katika kiganja. Ukishikamana na kubaki bonge, ngoja kesho. Ukimomonyoka kama unga wa muhogo, leo ndiyo siku. Ukikutoka maji kati ya vidole, uliyeshea kupita kiasi, funga njia ya maji umwachie mwenzako.

Kila mmea pia una wakati wake wa kiu kubwa, na wakati huo usicheze nao:

Shu linataka maji wakati linapofunga kichwa. Likikaa kavu kwa muda mrefu halafu likamwagiwa mengi ghafula, kichwa kinapasuka.

Kitunguu kinataka maji wakati kinapovimba. Lakini majani yakianza kuanguka, acha kunyeshea kabisa, majuma mawili au matatu kabla ya kung'oa. Kitunguu kilichovunwa na maji hakikai nyumbani, kinaoza.

Maharagi na tomati vinataka maji wakati wa maua na wakati wa kufunga matunda. Tomati inayokauka leo na kuzama kesho inaoza kwenye kitako, hata kama hakuna mdudu.

Viazi vinataka maji tangu vinapoanza kuzaa chini ya udongo.

Yule mama wa mwisho alikosa maji wakati ule ule kitunguu kilipotaka kuvimba. Angeyapata kwa majuma machache hayo tu, kikapu chake kingekuwa kingine.

Tulivyopanga zamu

Baada ya mkutano ule tuliketi na kalamu. Tunawaandikia hesabu yetu yote ili na vikundi vingine viweze kufanya yenu.

Kwanza tulipima mfereji. Tuliweka bidoni ya lita 20 mahali maji yanapoanguka, tukahesabu kwa simu. Ilijaa kwa sekunde 40. Kwa saa moja ni bidoni 90.

Pili tulihesabu mahitaji. Kila mama ana vitanda sita, kila kitanda bidoni sita kwa siku tatu: ni bidoni 36. Lakini mfereji wa udongo nao hunywa njiani, kwa hiyo tukahesabu kwamba nusu ya maji yatapotea, tukaweka bidoni 72 kwa kila mama. Kwa mfereji wetu, hizo hazimalizi saa moja.

Hatukuamini. Sisi tuliokuwa tukifungua maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila siku, tulikuwa tunahitaji saa moja tu kwa siku tatu!

Tatu tuligawa. Wamama 14 kwa siku tatu: watano siku ya kwanza, watano siku ya pili, wanne siku ya tatu. Saa inayobaki siku ya tatu ni ya kitalu cha kikundi. Kila siku kuna saa tano za maji: tatu za asubuhi, tangu saa 12 mpaka saa 3, na mbili za jioni, tangu saa 10 mpaka saa 12. Kati ya saa 3 na saa 10 hakuna anayefungua, maana jua kali linakunywa kabla ya mmea, na upepo wa ziwa unasaidia jua.

Wenye tomati tuliwapa saa za asubuhi. Majani ya tomati yakilala na maji usiku, ugonjwa wa madoa na kuoza unaingia haraka. Asubuhi hata kama jani limelowa, jua linalikausha. Na kwa vyovyote, maji ya tomati ni ya kwenye shina, si ya kichwani.

Kisha tukaweka sheria nne, zikaandikwa kwenye daftari la kikundi.

Sheria ya kwanza: kila siku zamu inaanzia chini na kupanda juu. Mama wa mwisho wa mfereji ndiye wa kwanza kunywa. Na kwa kuwa mfereji mkavu unajinywesha kwanza, lango linafunguliwa robo saa kabla ya zamu yake, ili asihesabiwe maji ambayo hayajamfikia.

Sheria ya pili: hakuna zamu ya usiku. Tunajua ni kwa nini. Mama hapaswi kuchagua kati ya vitunguu vyake na usalama wake.

Sheria ya tatu: aliye mgonjwa, aliyejifungua au aliye na msiba hapotezi zamu. Jirani wa juu na jirani wa chini wananyeshea vitanda vyake, maana saa yake inabaki yake.

Sheria ya nne: kila mwezi wote tunatoka siku moja kusafisha mfereji, kuziba mashimo ya panya na kukata majani. Asiyetoka bila sababu analipa kitu kidogo kwenye kasa ya kikundi. Mfereji safi ulitupunguzia maneno kuliko mikutano yote.

Mama mmoja anashika daftari na filimbi. Ikilia, unafunga. Hakuna "ngoja nimalize kitanda hiki".

Majirani zetu walitutangulia

Zamu za maji si kitu cha wazungu wala cha miradi. Kwenye mlima Kilimanjaro, Tanzania, Wachaga walichimba mifereji wanayoiita mifongo tangu kabla ya ukoloni, wakashusha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba na kahawa, na kila mfongo ulikuwa na wasimamizi wake na watu wake wa zamu. Kule Kenya, Wamarakwet nao waliteremsha maji kwa mifereji mirefu kwenye miteremko mikali ya bonde la Kerio, wakayagawa kwa ukoo na kwa saa. Mifereji hiyo imedumu kwa vizazi, kwa sababu watu walikubaliana kabla ya kiu kufika.

Lakini kuna jambo moja hatuwaigi. Kwa Wamarakwet, kazi ya mfereji na neno la kugawa maji vilikuwa vya wanaume. Kwetu sisi, nani yuko bondeni saa 12 ya asubuhi na arozwari mkononi? Ni mama. Basi na neno la zamu liwe la mama. Bwana akitaka kujua mpango, anakaribishwa asome daftari, na siku ya kusafisha mfereji anakaribishwa zaidi.

Kwa wasio na mfereji

Tunajua wengi wenu mnabeba. Bidoni inatoka mtoni au ziwani, inapanda kilima kichwani, na mara nyingi kichwa hicho ni cha binti yetu. Mwezi huu wa Juni ni wa mitihani. Mtoto aliyebeba bidoni sita kabla ya darasa anafika shuleni amesinzia. Kila bidoni tunayookoa shambani ni usingizi tunaomrudishia. Kuna njia za kuiokoa.

Kitanda cha kiangazi kiwe chini kuliko njia, kama sahani, ili maji yakae. Vitanda vya kuinuliwa ni vya wakati wa mvua.

Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya mgomba, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Udongo uliofunikwa unakaa na ubichi siku nyingi zaidi kuliko ulio uchi. Majani yasitoke kwenye mgomba wenye mnyauko, maana ugonjwa huo unatembea na mabaki ya mmea.

Changanya samadi iliyooza. Udongo wenye mbolea unashika maji kama sifongo.

Okota chupa za plastiki. Ndizo hizo hizo zinazoelea ziwani na kwenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, isimike kichwa chini karibu na mmea wa tomati, uijaze. Maji yanatoka tone kwa tone mpaka kwenye mzizi, na njia inabaki kavu, bila majani mabaya ya kupalilia.

Maji ya kunawia mboga na ya kusukutulia nguo bila sabuni nyingi yapeleke kwenye migomba, si kwenye lengalenga. Mboga za majani zinataka maji safi, kwa kuwa kipindupindu hakijatoka kwetu. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna kufulia wala kuoshea watoto kwenye mfereji wa mboga, na chemchemi ya maji ya kunywa isiguswe na jembe.

Na maji ya ziwa? Yanafaa, lakini Ziwa Kivu lina chumvi inayozidi kidogo ile ya maji ya mto. Ukiwa na njia mbili, ya mto uyawekee kitalu, maharagi na vitunguu.

Tusisahau Mei

Neno la mwisho tunalisema kwa sauti ya chini. Hakuna kati yetu aliyesahau tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, wakati maji na mawe yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi. Tulizika watu zaidi ya 400, na wengine hatukuwapata tuwazike. Maji tunayoyagombania Julai ndiyo hayo yanayoweza kutuondoa yakija kwa wingi.

Kwa hiyo, usichimbe mfereji unaoshuka mlima moja kwa moja. Uzungushe mlima polepole, uwe na mteremko mdogo tu. Panda matete kwenye kingo zake. Na mvua za Septemba zikianza kunusa, kikundi kizima kiende kufunga lango la mtoni kwa mawe na udongo, ili mto usipate njia mpya ya kuingia nyumbani mwa mtu. Mfereji usiofungwa ni mlango uliosahauliwa wazi usiku.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Pimeni mfereji wenu kwa bidoni na simu. Hesabuni vitanda vyote, mkianza na vya chini. Andikeni zamu kwenye karatasi moja, muisome kwa sauti kubwa, ili hata mama asiyejua kusoma ajue saa yake na aweze kuidai.

Na yule mama wa kikapu? Mwaka huu amepanda vitunguu tena, mahali pale pale, mwisho wa mfereji. Juzi zamu yake ilianza saa 12 kamili, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa. Sisi wenye vitanda vya juu tuliketi kwenye kingo tukingoja filimbi. Alifunga maji dakika kumi kabla ya saa yake kwisha. Tulipomuuliza kwa nini, alikamua udongo katika kiganja, akatuonyesha bonge. "Vimeshiba," akasema, "pelekeni juu."

Tuonane juma lijalo, wamama. Na maji yawafikie.